Blanketi Juu ya Seva

Endasak, Jumatano

Mpenzi wangu Verdiana,

Natumaini wagonjwa wa zahanati ya Yaeda Chini wanakuachia muda wa kula. Hapa maharage yamestawi, na ubishi wangu pia.

Nilikataa kuja Jumapili kujitambulisha kwa wazazi wako watakapofika kutoka Bukoba. Nilidai kwamba seva yangu ya Linux, ile kompyuta inayothibitisha miamala ya sarafu za kidijitali kwenye mtandao wa blokcheni, haiwezi kuachwa, kwani ikizimika huadhibiwa kwa kukatwa sarafu.

Jana nilikwenda Mogitu. Niliporudi, niliikuta imezimika kwa joto chini ya blanketi zito.

“Mama, umeiua!”

“Nimeifunika, baba. Ilikuwa inatetemeka kwa baridi.”

“Ile ni feni!”

“Feni, kwenye baridi hii ya mlima? Wasomi nyie!”

Nilipoiwasha nikaiona adhabu yenyewe: ndogo mno. Mashine za wengine zilikuwa zimeendelea kuthibitisha kana kwamba yangu haijawahi kuwapo. Hoja yangu yote ikaanguka, nami sikuitetea.

Basi Jumapili nitakuja kwa pikipiki ya jirani yetu Idd. Mama ameahidi kutoigusa seva, ingawa blanketi hajalirudisha kitandani. Mtandao ule umeonyesha kwamba unaweza kuendelea bila mimi. Wewe, Verdiana, sitaki kukujaribu kama nawe unaweza.

Mbishi wako aliyeshindwa,
Cyprian