Ndigana Kali na Ukurasa wa Kwanza

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua duka, nimefagia matope barazani. Magomeni yote hapa Kilosa imelowa. Asubuhi nzima nimeuza dawa ya kuogesha mifugo tu. Mvua zikianza, kupe nao wanaanza.

Mchana akaja Baba Mdogo Shija kutoka Malolo. Nikamwamkia, akaitikia anatazama sakafu. Ndama wake wamekufa. Wote wa msimu huu. Tezi zilivimba, wakawa wanahema kwa shida. Akatafuta kwenye simu. Simu ikamwambia azichome tezi kwa chuma cha moto, kisha awanyweshe dizeli. Akafanya.

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. "Simu ilijibu haraka, mwanangu."

Ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Dawa yake ninayo hapa dukani. Nimekasirika mpaka nashindwa kuandika vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeuona huo ukurasa alioufuata Baba Mdogo. Huhitaji kuhangaika. Andika "ng'ombe kavimba tezi", unatokea wa kwanza. Picha nzuri, matangazo kila baada ya aya. Chini kuna watu wanashukuru. Mmoja anauliza mbona ng'ombe wake kafa. Hakuna aliyemjibu.

Namba ya mwenye ukurasa ipo. Nimempigia. Mtu mstaarabu, yuko Dar. Nikamweleza kwamba nimesomea mifugo, kwamba dizeli ikiingia mapafuni inaua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, mimi si daktari. Mimi naandika kinachotafutwa."

Hataufuta.

Basi na mimi nitaandika.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani, nimekaa kuandika hadi jioni. "Ndigana Kali: Visababishi, Dalili na Tiba." Kila neno nimelihakiki kwenye vitabu vya chuo. Najivunia.

Jumatano, 12 Machi

Mikumi. Nimefunga duka siku nzima kwa ajili ya Elia. Tulisoma naye sekondari. Sasa anatengeneza tovuti za hoteli za watalii. Kwao ni milimani huko, mtu wa taratibu, hapandishi sauti. Amenitengenezea tovuti na kuuweka ukurasa wangu humo. Hakutaka malipo. Mama yake ana ng'ombe.

Tumekunywa chai, malori ya Iringa yanapita. Nimerudi Kilosa nimechoka, nina furaha.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna kitu. Nimetafuta kwa kila namna. Kwenye ukurasa wa kwanza haumo, wa pili haumo, nimeperuzi mpaka bando limekata. Wa dizeli uko palepale juu.

Elia anasema subira. Subira gani, na kupe ndio hawa.

Jumatatu, 31 Machi

Elia amepiga simu asubuhi, sauti imemnyong'onyea. Wakati wa kutengeneza tovuti kuna mahali unaweka alama ya kuizuia mitambo ya kutafuta isiingie, mpaka kazi ikamilike. Kazi ilikamilika. Alama hakuiondoa.

Yaani muda wote huu nimefungua duka na mlango nimeufunga kwa ndani.

Nilimfokea. Akasema, "Fokea tu, Kabula, nimekosa." Hapo hasira ikaniishia. Ameshaiondoa.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeonekana. Nyuma kabisa, lakini tumo. Nimerudi Mikumi tukae chini na Elia tujue tatizo.

Kanionyesha maneno ambayo watu huandika wanapotafuta. Hakuna anayeandika "visababishi". Wanaandika "ng'ombe kavimba shingo", "ndama anahema sana", "ng'ombe hali nyasi". Ukurasa wangu niliuandikia mwalimu wangu wa chuo. Mfugaji hata asingejua kwamba unamhusu.

Pia ni mzito. Picha zangu kubwa, kwenye simu ndogo huko Malolo mtu anasubiri, anachoka, anarudi kwenye dizeli. Na mtambo unaona kwamba anarudi, unanishusha.

Elia ametaja watu wanaouza viungo: wanaiunganisha tovuti yako na mamia ya nyingine ili ionekane maarufu. Hoteli moja ilifanya hivyo, ikapanda haraka. Baadaye mtambo ukashtuka, ukaizamisha kabisa. Nilishawishika. Nisiseme uongo humu, nilishawishika sana. Nimekataa. Ukurasa huu ukizama, ng'ombe wanakufa.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeuandika upya wote. Kichwa kipya: "Ng'ombe kavimba shingo na anahema? Fanya hivi leo." Mstari wa kwanza kabisa: usimchome, usimnyweshe dizeli, mpigie daktari wa mifugo leo hii, kesho umechelewa. Maelezo ya kitaalamu yako chini, anayetaka atashuka. Picha ni moja tu, ya tezi iliyovimba, nyepesi.

Halafu nimeanza kubisha hodi. Mwalimu wangu wa chuo ameusoma, kanisahihisha mahali pamoja, kaweka kiungo chake kwenye tovuti ya chuo. Redio moja ya Morogoro wamenihoji kipindi cha wakulima, nao wameweka kiungo. Chama kimoja cha wafugaji kimekataa. Wanasema niandike barua. Nimeandika barua.

Baba Mdogo hapokei simu zangu. Mama Mdogo anasema anaona aibu.

Jumatano, 30 Aprili

Ukurasa wa kwanza! Chini kabisa, lakini wa kwanza. Nimepiga kelele dukani, mteja akadhani nimeona nyoka.

Wa dizeli bado uko juu yangu. Sijamaliza.

Alhamisi, 8 Mei

Mwanamke amenipigia kutoka Dumila. Simjui. Anauza ndizi stendi na ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe aliamka hali nyasi, shingo imevimba. Akaandika kwenye simu, akaniona mimi. Jirani ameshashika dizeli mkononi, yeye anasoma kwa sauti jirani asikie. Daktari alifika siku hiyohiyo, akachoma sindano.

"Leo kala, dada. Nikasema nikupigie tu ujue."

Nimekaa nyuma ya kaunta nimelia. Kisha nimefungua simu kutazama. Wa pili. Juu yangu, dizeli.

Nimemwandikia tena yule mtu wa Dar. Nimemweleza habari za Dumila, nimemwomba hata aweke onyo. Kimya.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda Malolo bila kuaga. Baba Mdogo alikuwa anapalilia vitunguu. Nilipomwamkia aliitikia vizuri, tukakaa kivulini mwa ghala. Tumeongea habari za mvua, za bei, za harusi ya binti yake.

Kisha akatoa simu yake mwenyewe. "Nasikia umeandika. Nionyeshe inavyopatikana."

Nikamwambia aandike kama alivyoandika siku ile. Akaandika kwa kidole gumba, polepole, herufi zimerukwa. Mtandao ulizunguka sana. Ukatokea wangu. Wa dizeli chini yake. Sijui ni kwa simu yake tu au kwa zote, sikuuliza.

Alisoma midomo ikicheza, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Mama Mdogo alileta viazi, akaviweka, akaondoka.

"Hiki ndicho nilichokuwa natafuta siku ile," akasema.

Tukala viazi.