Meneja Bora na Siku ya Mnada

Bariadi, Jumatano

Eti meneja bora wa mradi ni yule anayesikiliza. Bosi alitufundisha hivyo juzi kwenye semina. Nilipoinua mkono, akasema maswali mwishoni.

Nilitaka tu kumwambia kwamba leo ni siku ya mnada wa ng'ombe kijijini Sapiwi. Nani anaitisha mkutano wa kuchagua mahali pa kisima siku ya mnada? Nilipomfuata ofisini akanijibu, "Ratiba ni ratiba."

Basi leo tumekutana na viti vitupu. Mwenyekiti wa kijiji alipita akiswaga fahali wake, akatusalimu kwa Kisukuma huku akitucheka: "Mwangaluka! Mnamsubiri nani hapo? Watu wote wako mnadani."

Bosi akachagua mahali mwenyewe: bondeni, ambako masika maji hufika kiunoni. Kesho natumwa mimi kuwaeleza kina mama. Naogopa. Ningebisha, lakini mkataba wangu anausaini yeye, na...

Wakati wa kurudi tukapitia huko huko mnadani, akanunua mbuzi. Njia nzima akahubiri ushirikishwaji wa jamii. Mkazi pekee wa Sapiwi aliyemsikiliza leo ni yule mbuzi nyuma ya gari, na yeye alikuwa amefungwa miguu.