Ati Napenda Hewa

Jumamosi, Tukuyu. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umeufunika mlima wote wa Rungwe. Viganja vinaniuma hadi kushika simu ni kazi, lakini nisipoandika haya leo, kesho nitaanza kujidanganya kwamba hayakutokea.

Watu husema mimi ni mtu wa kushuku. Ni kweli. Ukinisalimia kwa uchangamfu zaidi kuliko jana, naanza kujiuliza unataka nini. Miguu yangu haijatembea tangu nikiwa mdogo, naendesha baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, na mtu kama mimi akipokea kila wema bila kuuchungulia atajikuta anapigwa picha na mfuko wa sukari mapajani. Imeshanitokea.

Ila Baba Ipyana sikumshuku. Huyo hapana.

Baba Ipyana ni katibu wa chama chetu cha watu wenye ulemavu. Mwalimu mstaafu, mguu mmoja mfupi, anatembelea fimbo, mtu wa watu. Chama kinakutana kwenye ukumbi wa zamani wa wakulima kwa sababu tunapewa bure, na ukumbi wenyewe una ngazi. Ndiyo, chama cha walemavu kwenye ukumbi wa ngazi. Cheka tu, mimi nimeshacheka nikachoka. Basi tangu nijiunge nakaa nje, naegesha baiskeli chini ya dirisha, nasikiliza. Nikiwa na neno namwambia Baba Ipyana, ambaye hukaa ndani upande wa dirisha, naye analipeleka mbele. "Tulia mwanangu, nitakusemea." Mvua ikianza ananipa mwavuli wake. Chai ikija, kikombe cha kwanza kinapitishwa dirishani.

Maneno yangu yalikuwa yale yale siku zote. Tuombe njia ya mteremko pale kwenye ngazi. Na soko jipya likigawiwa, mimi nipewe kizimba cha getini. Ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza ya duka la mjomba, na mvua ikipiga kwa upande nafunika vitambaa vya wateja kwa khanga yangu mwenyewe. Soko liko mteremkoni. Getini naingia na baiskeli yangu, nafanya kazi, natoka. Kule chini nahitaji wanaume wa kunibeba asubuhi na kunibeba jioni, na anayekubeba ndiye anayeamua ufike saa ngapi.

Juzi dada mmoja wa mitumba akanipongeza njiani kwa kizimba changu cha kule chini, karibu na wachinja kuku. Nikamwambia amekosea. Akasema hajakosea, chama chenyewe ndicho kilichopendekeza, na kikao cha Jumamosi ni cha kuthibitisha tu. Machale yakanicheza. Nikawaza, cha getini kapewa nani? Nikakumbuka mkwe wa Baba Ipyana anauza viatu. Nikasema haya, kumbe ule mwavuli ulikuwa na kazi yake.

Leo nikaenda nimejiandaa. Nikaegesha pale pale. Mvua ikaja ile yetu ya kupiga bati mpaka anayeongea unamwona mdomo tu. Nikapaza sauti dirishani, nikamweleza Baba Ipyana kwamba kizimba cha chini sikitaki, nataka cha getini, na nataka kujua nani aliyesema vinginevyo. Akainama, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole nitulie, atanisemea. Nikamwona anasimama. Mdomo ukatembea kidogo, watu wakaitikia kwa vichwa, akakaa.

Neno langu lilikuwa refu. Lake lilikuwa fupi mno.

Chini ya kiti cha baiskeli kuna ndala mbili ninazozificha. Ni za mikononi. Asiyetembea anaijua kazi yake: unazivaa viganjani, unajivuta. Mara ya mwisho kuzivaa mbele za watu nilikuwa shule ya msingi, na watoto walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Niliapa sitarudia.

Nikazivaa.

Ngazi zilikuwa na maji na tope la viatu vya watu. Ndala moja ikachomoka, nikaibana kwapani nikapanda na kiganja kitupu. Gauni likaloa lote. Nilipofika mlangoni wanaume wakainuka kunibeba, nikawaambia wakae. Nililia, sitaficha, ila nililia huku naenda.

Mwenyekiti wetu, Mama Tusekile wa Kawetele, haoni kabisa. Akageuza shingo, akauliza ni nani anajiburuta. Nikasema ni Zuhura, fundi.

"Gwe Zuhura, leo umeingia? Si huwa unapenda hewa ya nje?"

Nikauliza nani kasema napenda hewa.

Ukumbi wote ukamgeukia Baba Ipyana. Hapo ndipo yakatoka yote. Njia ya mteremko haijawahi kutajwa hata siku moja, maana Zuhura anaona nje panamfaa. Kizimba cha chini ni kwa sababu Zuhura amesema popote atashukuru. Na leo hii, baada ya mimi kupiga kelele zote zile mvuani, alikuwa amewaambia nawasalimu na nawatakia kikao chema.

Nikauliza kama cha getini ni cha mkwe wake. Wakasema hapana. Mkwe wake hana kizimba kabisa. Cha getini hakina mtu, kwa kuwa hakuna aliyekiomba. Baba Ipyana hakupata chochote.

Akasimama na fimbo yake, machozi yanamlengalenga. "Mwanangu, nilikuhurumia. Mtu akidai sana watu wanamchoka. Na sikutaka wakuone hivi unavyotambaa. Kule chini ni kimya, ungeshona bila kusumbuliwa."

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Bora angekuwa mwizi. Mwizi ningejua pa kumshika, ningempeleka kwa mtendaji tukamalizana. Huyu nimshitaki kwa kosa gani, kikombe cha chai?

Mama Tusekile ameamua jina langu lihamishiwe getini, na vikao vifanyike nje uwanjani mpaka ngazi zipate mteremko, mvua ikinyesha tujifunike turubai wote. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Majina yanapelekwa halmashauri Jumatatu, na anayeyapeleka ni katibu. Nikasema nitaenda naye. Baba Ipyana akanijibu kwamba barabara ya kule ni mbaya kwa baiskeli yangu, nisijisumbue, yeye ataniwakilisha vizuri. Nitakwenda.

Jioni nilikuwa sebuleni mama akinikanda viganja kwa maji ya chumvi. Jirani akapiga hodi. Akina mama wa msikitini wanakutana kesho kuchagua sare za harusi, akauliza kama nitakuwepo. Kabla sijafungua mdomo, mama alishafika mlangoni. "Zuhura? Hapana, mwenzenu hapendi makundi ya watu." Alisema kwa sauti ya upendo kabisa, kama anavyosema siku zote.

Siku zote. Nilibaki na mikono ndani ya beseni. Amelisema hilo kwa watu wangapi? Na wote waliowahi kubisha mlango huu, walikuja kuuliza habari za sare tu?

Nikaita kutoka ndani kwamba nakuja. Jirani alifurahi, nilimsikia. Mama alirudi, akakaa, akanishika tena mikono, halafu akaniuliza kama kesho haitaniuma.

Itauma. Ndala nimeshaziosha tope, na sikuzirudisha chini ya kiti. Nimeziweka mlangoni, pale viatu vya kila mtu vinapokaa.