Ukweli wa Hermelinda

Comadre Nicolasa, dada yangu, uko? Usipige simu, niko ofisi ya ustawi wa watoto, nakuandikia tu.

Nimemsindikiza Hermelinda kwenye mahojiano, pamoja na mwanawe Wilmer, yule mtoto asiyesema. Unaijua kazi yetu ya kusindikiza wazazi, tunakaa ubavuni mwa mzazi, hatumsemei. Jana nilimwambia, "Binti yangu, usifiche kitu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu."

Nicolasa, amesema kweli!

Licenciada, yule afisa wa ustawi, kamuuliza, "Ukienda kusaga mahindi, mtoto unamwacha na nani?" Naye bila wasiwasi, "Namfunga kitandani, licenciada. Kwa mshipi wangu wa kufuma, ule laini."

Namfunga! Kasema namfunga! Kalamu ya licenciada ikasimama.

Sisi wa mtaani tunajua Wilmer hukimbilia barabara ya malori. Hata mimi ningemfunga. Huyu wa ofisini hajui. Kauliza polepole, "Unamfunga mtoto?" Hermelinda akatabasamu, "Tena barabara, asitoke!"

Nikasahau kanuni, nikasema, "Licenciada, malori..." Akanikata, "Doña Chon, wewe si mzazi wake." Kamshika Wilmer mkono, kaingia naye chumba cha ndani, nikasikia ufunguo unazungushwa. Bikira Mtakatifu!

Sasa tuko kwenye benchi. Nasali rozari kimoyomoyo, maneno yananipotea. Hermelinda bado hajaelewa. Kaniegemea begani, kaninong'oneza, "Doña Chon, nimesema vizuri, eti? Sikuficha kitu."

Nimemwambia ndiyo. Nicolasa, nimemwambia ndiyo.