Rafu za Herufi J

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua chumba cha majarida saa mbili kasoro. Nimepangusa meza, nimeondoa magazeti ya Ijumaa, nimeweka ya leo. Watu watatu tu hadi saa sita. Wote waliniuliza, wote niliwapeleka mpaka kwenye rafu. Msichana mmoja anayesoma kilimo hapa chuoni aliniambia, "Mathe, wewe ndio kompyuta ya hapa." Nimecheka peke yangu mchana wote.

Saa tisa Madam akapanda juu. Ndiye mkutubi wetu mpya, ana miezi miwili hapa. Alitafuta Jarida la Udongo kwenye J, akalikosa. Nikamwonyesha liko kwenye U. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akashuka. Sijapenda kule kuandika.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.
Nimepakwa majivu misa ya alfajiri. Nimefunga. Madam ameniita ofisini. Wakaguzi wa vyuo wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Kompyuta inasema J, rafu inasema U, na hiyo ni aibu.

"Mama Ayubu, nani alikufundisha kupanga hivi?"

Hakuna. Nilijifundisha. Nilipoletwa chumba hiki, miaka kumi na miwili sasa, niliona karibu kila kitu kinaanza na neno Jarida. Jarida la Udongo, Jarida la Miwa, Jarida la Uuguzi. Nikaona ni kama daftari la akina mama wa jumuiya yetu kule Mukumu. Sote ni Mama fulani. Ukituandika sote kwenye M hutapata mtu. Katibu wetu anarukanga hilo Mama, anapanga kwa jina la mtoto. Na mimi nikaruka Jarida. Nilimweleza hivyo. Alicheka, si kwa ubaya. Lakini amesema nipange kama kompyuta inavyosema, na kila rafu iwe na lebo. Nikishindwa ataleta mtu mwenye diploma, mimi niende langoni kukagua mifuko.

Langoni sitaki. Nimelia chooni, nikanawa uso, majivu yakatoka. Chumba hiki ndicho nilicho nacho. Nyumbani Lurambi ni mimi na redio. Baba Ayubu alishatangulia. Ayubu yuko Mombasa, anapiga simu akikumbuka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeanza nyuma, kwenye Z. Lazima. J itakula nusu ya chumba, kwa hiyo kila kinachoifuata kinasogezwa kuelekea ukutani, na huwezi kusogeza kabla ya kufungua nafasi mwisho. Hilo nilijua bila diploma. Vumbi la miaka. Mgongo. Hakuna aliyepanda kusaidia, hata kusalimia.

Jumatatu, 10 Machi
Kosa kubwa. Nilibananisha yote, sikuacha nafasi mwisho wa kila jarida. Leo toleo jipya la uuguzi limefika na hakuna pa kuliingiza hata kwa nguvu. Nimebomoa rafu sita nikaanza tena. Nimemkasirikia Madam. Nimemkasirikia Mungu pia. Halafu nimemwomba msamaha, Mungu, si Madam.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemaliza. Lebo zote zimebandikwa, Madam mwenyewe alizichapa. Shida ni mikono. Jarida la Miwa nimelirudisha kwenye M mara mbili leo bila kujijua. Kesho likikosekana moja tu mbele ya wageni, nimekwisha. Nimekula obusuma, ugali wetu, na mboga nikiwa nimesimama. Rozari nimesinzia katikati.

Ijumaa, 14 Machi
Wamekuja watatu. Mkubwa wao, mzee wa miwani, alichagua Jarida la Uuguzi kwenye kompyuta, toleo la zamani kabisa. Nikasimama nimpeleke. Akainua mkono. "Kaa tu, mama." Akasoma lebo, akaenda J, akalitoa. Hata dakika mbili hazikuisha. Akamwambia Madam kazi ni safi. Mimi hakunitazama tena.

Walipoondoka Madam alinishika bega. "Umebaki, Mama Ayubu. Chumba ni chako." Nimemshukuru Mungu njia nzima. Nimejinunulia samaki. Nimempigia Ayubu, hakushika.

Jumanne, 18 Machi
Watu wengi leo kuliko kawaida. Hakuna aliyeniuliza kitu. Yule msichana wa kilimo aliingia na visikizi masikioni, akaenda moja kwa moja J, akachukua, akasoma, akarudisha mahali pake sawasawa. Akanipungia mkono, akatoka. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Alhamisi, 20 Machi
Maneno niliyosema kazini leo: karibu. Asante. Karibu.

Sina haki ya kulalamika. Wanapata wanachotaka, tena haraka. Nina upweke tu. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu ataona ni utoto.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeenda Mukumu kwa kitubio. Nimesema lile ambalo sijawahi kuandika hata humu. Nilijua wanapotea. Nilijua tangu mwaka wa pili. Walikuwa wanaingia na karatasi imeandikwa J, wanazunguka, wanachoka, halafu wanakuja mezani kwangu. Kubandika karatasi moja ukutani ya kueleza ninavyopanga kungechukua asubuhi moja. Sikubandika. Nilitaka wapotee kidogo.

Padri akauliza, "Na wakija mezani, ulikuwa unawafanya nini?" Nikasema nilikuwa nawapeleka, nawauliza wametoka wapi, mama yao hajambo. Akanipa Salamu Maria kumi. Nilidhani zingekuwa nyingi zaidi.

Jumatatu, 24 Machi
Asubuhi nimeenda kwa Madam kabla sijafungua. Nimemwomba anihamishe lango la chini.

"Langoni? Kwani huko kuna nini, Mama Ayubu? Hapa si umeshinda?"

Nikamwambia huko lazima wafungue mifuko, na mtu akifunguliwa mfuko lazima aseme kitu.

Amesema atafikiria.

Jioni nimezunguka rafu zote, A mpaka Z. Kila kitu kiko mahali pake. Nimefunga madirisha, mvua ilikuwa imeshaanza.