Maneno ya Pembeni

Kwa mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Dereva wa basi anayekuletea namwamini kuliko simu yangu.

Masomo yanaendelea. Huu mwaka wa tatu Kirusi kimeacha kunitoa jasho, ingawa nikikisema haraka wenzangu wa bwenini huniuliza kama nimeungua ulimi. Upande wa masomo ya Yurasia tunasoma reli, mito inayoganda na miji iliyojengwa kuzunguka kiwanda kimoja. Ulikuwa ukinicheka kwamba nasomea baridi. Siku hizi hata mimi sicheki.

Mwalimu wetu wa ukalimani, tunayemwita Bibi Barafu kwa kuwa hatujawahi kuyaona meno yake, ana kanuni mbili. Mgeni akisema "mimi", nawe sema "mimi". Na maneno ya pembeni, yale wageni wanayosemezana wao kwa wao, hayatafsiriwi. Ukiyasikia, unayameza.

Mwezi uliopita wakala mmoja wa ajira alikuja chuoni kutafuta mkalimani, na Bibi Barafu akanichagua. Nilijiona nimefika. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye ukumbi wa hoteli, kati ya wageni wawili na vijana wanaotaka kazi katika kiwanda cha samaki wa makopo, hukohuko kwenye baridi. Nikawaambia vijana kwamba mimi nawaahidi vitanda vyenye joto na mshahara usiochelewa. Hawakumtazama mgeni. Walinitazama mimi, wakatabasamu. Jioni ile nilikupigia nikakuhimiza ujiandikishe, na wewe bila kuchelewa ukajiandikisha.

Kwenye mkutano wa pili mgeni mzee alimwinamia mwenzake, akamuuliza hawa watafundishwa bunduki kwa muda gani kabla ya kupelekwa vitani. Mwenzake akajibu kwamba wiki moja inatosha, wengi hawatahitaji zaidi ya hapo. Wakaendelea kunywa chai. Nikameza nilivyofundishwa.

Nilimfuata Bibi Barafu ofisini kwake. Alifunga mlango, akaniuliza nimemwambia nani mwingine, kisha akanishauri nisikie kile ninacholipwa kukisikia. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilinitisha kuliko maneno ya wale wageni. Tangu hapo kuna gari jeupe linaloegeshwa mbele ya bweni. Mlinzi wa getini anasema waliomo wanamdadisi nyumbani kwetu ni wapi.

Sasa nikuambie nililofanya jana. Wageni walisemezana tena mambo yaleyale. Nikasimama, nikayatafsiri kwa sauti, kwa kanuni ileile:

"Mimi nawapeleka vitani, si kiwandani. Nitawafundisha bunduki wiki moja, na wengi wenu hamtarudi."

Wageni walitabasamu tu, hawakuelewa. Wakala alielewa. Vijana wachache walichukua mikoba yao wakatoka. Wengi walibaki vitini, na mmoja wao akanyoosha mkono, akaniuliza kwa adabu kama tarehe ya safari bado ni ileile. Nililia mbele yao wote, na hakuna aliyeondoka tena.

Wakala hakunigombeza. Alinisindikiza hadi nje, akaniambia kwa upole kwamba amenibakizia kazi moja ya kupiga simu, kuwatuliza waliosita pamoja na ndugu zao. Alikutaja wewe kwa jina lako la nyumbani, ambalo sikumpa.

Umepangiwa kusafiri Jumamosi. Usiende. Mchukue mama mhamie kwa mjomba, na msimuage mtu. Sijui watanifanya nini nikikataa, wala sijui nitaweza kukataa mpaka lini, na naogopa sana. Kwa hiyo nikikupigia, nikakutania kama kawaida yetu, nikakuambia yameisha na sasa uje, usije.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie nasoma vizuri. Nisalimie na wote wanaoniulizia.

Akupendaye daima,
Dada yako