Timu ya Baba Mkwe Imenichosha

Mama Esteria, shikamoo. Majibu yako huwa nayasoma kila wiki bila kufikiri kwamba iko siku na mimi nitakuandikia, lakini yamenifika shingoni, naomba unisaidie.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku milimani Lushoto, na ndiye kocha wa timu ya kata yetu, kazi niliyopewa na baba mkwe wangu, Mzee Rubeni, ambaye ni mwenyekiti wa timu na mzee wa kanisa, na mkwe akikuambia "mwanangu, hii timu nakuachia wewe" humjibu hapana, basi nikaitika, na tangu msimu uanze tumeshinda mechi moja tu. Huku kwetu kwenye baridi tunajitahidi tunapata sare, lakini tukishuka kucheza Magoma, tumekaa juu ya fuso la kabichi, vijana wanafika hoi, joto linawamaliza, kipindi cha pili wanatembea tu uwanjani. Usingizi sina. Darasani naanza hesabu ubaoni nasahau nilikuwa naelekea wapi, chakula hakipiti, mke wangu Loyce akiniuliza namwambia ni malaria, na sokoni napita njia ya nyuma, maana hata muuza viazi akinisalimu kwa Kisambaa "onga mshi" najua kinachofuata ni "kocha, jana ilikuwaje?"

Lililonifanya niandike ni hili. Jumamosi tulifungwa bao la dakika za mwisho, kipa wetu Elisante akalala chini analia, na mimi pale kwenye benchi nilifurahi, mama, nilifurahi kabisa, kwa sababu niliwaza tukishuka daraja timu itavunjwa na mimi nitalala. Halafu nikaenda kumwinua yule kijana nikamwambia tutapambana. Imebaki mechi moja, tukishinda tunabaki kwenye ligi, na naogopa nisije nikaipanga timu vibaya kwa makusudi. Kumwambia baba mkwe nimechoka siwezi, hata kumtazama usoni siwezi. Je, mimi ni msaliti?

Kocha wa Lushoto

*

Marahaba, kocha. Msaliti wa nini? Msaliti hakai chini kuandika barua ya kujishitaki. Wewe umechoka akili, na aliyebeba gunia peke yake kupanda mlima hufurahi likipasuka, hata kama viazi ni vyake. Pole sana, nasema kwa moyo.

Sasa nikugombeze. Malaria gani hiyo ya msimu mzima? Mkeo analala na mtu asiyelala, unadhani hajui? Unamficha yeye, unanieleza mimi nisiyeijua hata sura yako! Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo jioni mwambie Loyce yote, pamoja na ile furaha ya kwenye benchi. Kesho nenda hospitali, umwambie daktari kwamba hulali na huli, na neno malaria lisikutoke mdomoni.

Elisante naye mwambie kwamba bao lile si lake peke yake, mlifungwa wote. Kwa kuwa unaiogopa mikono yako mwenyewe, mechi iliyobaki waachie msaidizi wako, kama unaye, na nahodha wapange kikosi, wewe kaa nao tu.

Kuhusu Mzee Rubeni, nimecheka kidogo, unisamehe. Kwani ulipomtaka Loyce ulikwenda mwenyewe kumwambia baba yake? Ulimtuma mshenga. Basi mtafute mshenga wako, avae koti lake, aende tena. Aseme hivi: "Mzee, mkweo anakuheshimu, ila timu imemwelemea. Mechi ya mwisho ikiisha, mkishinda mkishindwa, anaomba apumzike." Mzee atanuna. Mwache anune, kununa hakuui mtu, lakini hayo unayojifanyia wewe yanaua.

Usiniambie kwamba kata itabaki bila kocha. Kata ikikosa kocha itaita kikao itapata mwingine. Loyce akikukosa wewe, aite kikao gani?